Mkwe Niliyemjua kwa Viatu

Jumamosi, tarehe kumi na nne. Mvua ilianza jana jioni na leo asubuhi ilikuwa bado inadondoka, ile mvua nyembamba isiyo na haraka. Uani tope tupu. Nilimwambia mume wangu atandaze majani makavu ya migomba kutoka barabarani mpaka mlangoni, wageni wasije wakaingia na udongo wa Busia nzima miguuni. Akatandaza. Upepo ukayasogeza. Akatandaza tena bila kusema kitu, ndiyo tabia yake.

Wageni wenyewe walikuwa watu wa Merikit, kule Tororo, waliokuja kujitambulisha kwa ajili ya binti yangu. Sasa wamekwenda, na nataka kuandika mambo yalivyokuwa kabla sijaanza kuyapamba. Najijua. Kitu nikikisimulia mara tatu, mara ya nne mimi ndiye shujaa, na katika hili sikuwa shujaa hata kidogo.

Nauza nguo za mitumba sokoni Busia, upande wa Uganda. Shule nilisomea upande wa Kenya, nikaishia darasa la saba, kwa hiyo Kiswahili changu nusu ni cha mwalimu na nusu ni cha soko. Kwa miaka niliyokaa pale mpakani nimewaona matapeli wa kila namna. Nimemwona yule anayedondosha bunda la noti mbele yako, na mwenzake anakushika mkono anakunong'oneza, "Tuokote, tugawane, usipige kelele." Mkifika pembeni, noti ni ya juu na ya chini, katikati ni magazeti. Nimewaona wa karata tatu, ambao anayeshinda kila siku ni ndugu yao. Nimemwona mwenye pete ya dhahabu ambaye hufiwa na mama yake kila Jumatatu. Na siku zote nilicheka. Nilisema, tena kwa sauti, kwamba anayetapeliwa ni mtu aliyetaka cha bure.

Neno hilo nalifuta leo. Mimi sikutaka cha bure. Mimi nilitaka kutoa.

Ilikuwa Alhamisi, wiki tatu zimepita. Nilivuka kwenda upande wa Kenya kununua kitambaa cha gomesi, lile gauni letu refu la mabega yaliyochongoka, na sufuria kubwa ya kupikia wageni. Duka la vitambaa lina benchi nje, watu hukaa pale kungojea mvua ikatike au kungojea watu tu. Mwenye duka akaniuliza kitambaa ni cha nini. Mtu mwingine angejibu, cha kushona. Mimi nikasema binti yangu ni fundi cherehani kule Masafu, anachumbiwa na mchomeleaji vyuma wa Merikit, wanakuja Jumamosi ya tarehe kumi na nne, uso wa mkwe sijauona na wala sitegemei kuuona, na nikitoka hapa naenda kutafuta sufuria. Nilisema yote hayo kwa pumzi moja, kama ninayesoma matangazo kanisani.

Sisemi mwenye duka alihusika. Sina ushahidi, na bei alinipunguzia.

Sufuria upande ule zilikuwa ghali, nikaamua kununua upande wetu. Nimevuka geti la mpaka, nimefika pale malori yanapojipanga, mwanamume mfupi mwenye koti la suti akanijia polepole, kama mtu anayekwenda kutoa rambirambi.

"Jambo mama. Samahani, wewe si mama wa yule fundi wa Masafu?"

"Ndiye mimi. Na wewe ni nani mwenzangu?"

"Aa, mimi mtu mdogo tu. Natembea na mkwe wako. Amekuona, ameshindwa kupita. Amesimama nyuma ya lori pale, jasho linamtoka."

Hapa lazima nieleze, kwa sababu mtu wa mbali atauliza kwa nini sikumtazama. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Hawashikani mikono, hawakai kwenye benchi moja. Njia ikiwakutanisha, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Si uadui, ni heshima, na kadiri mtu anavyokimbia mbali ndivyo anavyosifiwa. Akiwa na neno kwako, hutuma mtu.

Kwa hiyo nilitazama mara moja tu, tena kwa kosa, nikaona mgongo wa shati jeupe na kichwa kilichoinama. Papo hapo nikavuta leso usoni na kugeukia ukuta. Kilichobaki machoni ni viatu, kwa sababu viatu vilikuwa chini ya lori, na chini ndiko nilikoruhusiwa kutazama. Viatu vya kahawia, ncha ndefu, kamba moja nyeusi na ya pili nyekundu.

Nilifurahi, sitaficha. Nikajiambia, binti yangu amepata mtu mwenye adabu.

Yule mwenye koti akaenda nyuma ya lori, akarudi na kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya maua na utepe. "Mkwe anasema hiki ni cha mama. Lakini kisifunguliwe kabla wazee hawajakaa." Nikakipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kuelekea lori. Dereva wa lori akaniitikia, "Asante nyabo," kama wanavyomwita mama huku Uganda, akidhani namsalimu yeye.

Mwenye koti akanibebea na mzigo wangu wa kitambaa mpaka stendi ya bodaboda. Hakuiba hata uzi. Lazima niandike hilo pia. Tulipofika akasimama, akakuna shingo.

"Mama, kuna neno, lakini bora niliache."

"Sema tu."

"Hapana. Akijua nimekuambia, urafiki wetu umekwisha."

Nilimbembeleza. Mimi ndiye niliyembembeleza yeye. Mwishowe akasema mkwe wangu alinunua mchele na sukari ya siku ya wageni, mzigo umekwama upande wa pili, pesa ya gari imepungua. Tangu asubuhi anazunguka na hajaweka kitu mdomoni. "Na hawezi kumwomba mama mkwe. Afadhali alale barabarani."

Nikafungua pindo la leso. Yeye akarudi nyuma hatua mbili. "La, mama, hiyo siwezi kuishika." Nikamfuata. Akakataa mara ya pili, mikono ameificha mgongoni. Mara ya tatu nikamvuta kiganja, nikaweka pesa yote ya sufuria, nikamfunga vidole kimoja kimoja. Kisha nikamwapisha asimwambie mkwe zimetoka wapi.

Narudia ili nisijisahau: mimi ndiye niliyemwapisha. Nyumbani nilifika sina sufuria, na nilikuwa naimba.

Kifurushi kilikaa juu ya kabati siku tisa. Kila aliyeingia nilimwonyesha. Nilikipangusa vumbi. Mume wangu aliuliza mara moja kuna nini ndani, nikamwambia adabu haina haraka, akarudi kwenye baiskeli aliyokuwa anaiziba pancha.

Aliyekuja kuharibu mambo ni wifi yangu, dada wa mume wangu, anayekaa nyumba ya pili. Ni mwanamke mzuri, nampenda, lakini hawezi kuona kitu kimefungwa. Siku ya tisa alikishusha, akakitikisa sikioni.

"Wifi, hii zawadi yako inalia."

"Inalia vipi?"

"Koko-koko-koko."

"Rudisha juu! Haifunguliwi mpaka wazee wakae."

"Nani anafungua? Mimi sifungui. Mimi naangusha tu."

Na akaangusha. Karatasi ya maua ikapasuka, yakatoka magunzi ya mahindi. Makavu, yamepangwa vizuri kama sigara kwenye pakiti, na juu yake kipande cha kanga kisichozidi kitambaa cha mkono. Moja likabingirika mpaka chini ya kiti cha mume wangu. Akaliokota, akaliangalia pande zote, akalirudisha na mengine.

Nilitegemea wifi atacheka mpaka kesho. Hakucheka. Aliuliza, "Huyu ndiye anayemchukua mtoto wetu?"

Nikaanza kuyarudisha magunzi kwenye karatasi. Mpaka dakika ile nilikuwa nahesabu sufuria yangu. Sasa nikaona kwamba sufuria ni kitu kidogo. Binti yangu amekaa miaka mingi akishonea wenzake nguo za harusi, na tangu ampate huyu mtu hata akipiga pasi anaimba. Kama ni yeye aliyesimama nyuma ya lori, basi naozesha binti kwa mwizi. Na kama si yeye nami niseme ni yeye, nimeivunja nyumba ya mwanangu kabla haijaezekwa. Kati ya hayo mawili sikuwa na njia ya kujua, kwa sababu uso wa mtu wa lori sikuuona, na uso wa mkwe wangu siruhusiwi kuuona. Nilichokuwa nacho ni viatu.

Nilimwuliza mume wangu, ambaye alikuwa amekutana naye mara mbili.

"Huyu bwana anavaa viatu gani?"

"Alikuwa na viatu."

"Vya rangi gani?"

"Mama, mimi nilikuwa naangalia kama ana akili."

"Na akili anayo?"

"Anajua kuchomelea," alisema mume wangu. Kwake yeye mjadala umekwisha.

Nilimwomba binti picha, kwa ujanja, nikisema ni ya kuonyesha shangazi. Akanicheka: "Mama! Unataka kumtazama mkwe wako?" Ila akaniletea moja, ya kwaya yao, watu kama arobaini mbele ya kanisa, na mchumba wake mstari wa nyuma, kichwa punje ya wimbi. Nilikiangalia mpaka macho yakatoa machozi. Angeweza kuwa mtu yeyote, hata mwanamke.

Kumwuliza waziwazi sikuweza. Swali lenyewe lilikuwa ni shtaka. Ningesema, "Mchumba wako ana viatu vya kahawia?" naye angeuliza kwa nini, na mimi si mjuzi wa kudanganya.

Wifi alikuwa na hukumu yake tayari. "Wakija, chakula kisitoke." Kwa ukoo wetu hiyo ndiyo njia. Wageni wa namna hii wakipewa chai tu, wanajua wamekataliwa, wanaaga kwa heshima na hakuna anayetukanwa. Chakula kikitoka jikoni, binti ametolewa. Na anayekitoa ni mama. Kwa hiyo neno lilikuwa langu, na mimi ni mtu wa kukaa mbele ya nyanya mbili nisijue nichukue ipi.

Nilinyamaza siku nne. Siku ya tano, sokoni, nikamwambia jirani yangu anayeuza dagaa, mwanamke mkubwa kuliko mimi, mwenye sauti inayosikika Kenya bila pasipoti. Nilimwambia kwa kunong'ona. Nilipofika kwenye viatu, akaweka chini kopo lake la kupimia.

"Kamba yake moja iko nyekundu?"

"Ndiyo."

"Basi mimi na wewe ni ndugu. Huyo ni mkwe wangu."

"Mkwe wako?"

"Mwezi uliopita! Nyuma ya lori! Mimi alinipa zawadi ya mchanga. Nikanyamaza, nitamwambia nani kwamba mkwe wangu amenipa mchanga?"

Muuza nyanya wa meza ya tatu alikuwa amesimama tayari. "Wa koti la suti? Anakataa pesa mara mbili?"

"Huyo huyo!"

"Ni mkwe wangu pia."

"Wewe!" muuza dagaa akamgeukia. "Wewe una watoto wa kiume watupu! Mkwe umemtoa wapi?"

"Aliniambia ni mkwe wa dada yangu. Nikaona adabu ni adabu."

Tulicheka mpaka wateja wakaondoka. Tulikuwa mama wakwe watatu wa mwanamume mmoja, na hakuna aliyekuwa amemwona uso. Nilipoacha kucheka ndipo nilipouona ujanja wenyewe. Hawa watu hawakupapasa mfuko wa mtu. Walichukua heshima yetu, wakaishika kama mpini. Heshima ndiyo iliyotufumba macho, ndiyo iliyofunga kifurushi, na baadaye ndiyo iliyotufunga midomo. Nani atatangaza sokoni kwamba mkwe wake mwizi?

Wenzangu wakasema, basi, mambo yameisha, mkwe wako wa Merikit hana kosa. Nilitamani iwe hivyo. Lakini nilipofika nyumbani nikaona haitoshi. Kuwatapeli wanawake watatu hakumzuii mtu kuwa mkwe wa mmoja wao. Mwizi naye huoa. Lazima aoe kwa mtu.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi tena, na tukaweka mtego. Sisi watatu sura zetu zinajulikana, kwa hiyo tulimtuma wifi. Wifi alizaliwa kwa ajili ya kazi ile. Alikaa kwenye benchi la duka la vitambaa na kutangaza kwamba ana mkwe wa kijiji cha Mella mwenye shamba na ng'ombe, anakuja mwezi ujao, uso wake hajawahi kuuona, na hapa alipo amebeba pesa ya kununua godoro. Godoro hilo alilitaja mara tano. Kisha akavuka geti akitembea kama tajiri.

Sisi tulikuwa nyuma ya kreti za nyanya. Tulimwona mwenye koti akimjia kwa ule mwendo wake wa rambirambi. Tukaona kidole kikielekea lori. Na chini ya lori, viatu vya kahawia.

Wifi hakuvuta leso. Aliiondoa kabisa begani, akazunguka lori na kwenda moja kwa moja, mkono ameunyoosha mbele kama mgombea wa kiti cha udiwani.

"Mkwe wangu wa Mella! Wacha kujificha baba, njoo unipe mkono!"

Mkwe wa kweli angeingia chini ya lori. Angepanda juu ya lori. Huyu alifundishwa kuinama na kugeuka, ila hakufundishwa afanye nini mama mkwe akimfuata. Alimtazama mwenzake. Mwenzake alikuwa anamfanyia ishara za mikono. Naye, maskini, akadhani anaambiwa apokee. Akamshika wifi mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Jambo mama."

Mstari mzima wa wanawake wanaouza kando ya malori ulivuta pumzi pamoja. "Amemshika! Amemshika mkono!"

Wifi hakumwachia. "Mkono wa mama mkwe una joto, eeh? Sema, una joto?"

"Mama, mathe, niachilie, wacha hizo."

"Sikuachilii. Godoro langu unalitaka la inchi ngapi?"

Watu wakaanza kukusanyika, na mmoja akaokota jiwe. Nikatoka nyuma ya kreti nikipiga kelele asipigwe, jamani, asipigwe. Baadaye muuza dagaa alinisifu kwamba nina huruma ya Kikristo. Naandika ukweli: huruma ilikuwepo, lakini haikuwa peke yake. Niliogopa kwamba ni wangu. Ningemwambiaje binti yangu kwamba nimesimama tu mchumba wake akipigwa mawe?

Katika kelele zile akachomoka, akakimbilia ule uwanja wa katikati usio wa Uganda wala wa Kenya, wifi akabaki na kifungo cha shati. Mwenye koti alikuwa ameyeyuka zamani. Pesa hatukuiona na hatutaiona.

Lakini uso niliuona. Uso mrefu, pengo la jino la juu, masikio yaliyosimama. Alikuwa ameogopa sana, alionekana mdogo kuliko viatu vyake. Sasa nilikuwa na uso, ila sikuwa na wa kuulinganisha nao. Binti alikuwa Masafu na kazi nyingi, na kumtumia mtu wa kuuliza "mchumba wako ana pengo?" kungenirudisha kule kule kwenye shtaka. Mume wangu nilimwuliza.

"Meno anayo?"

"Anayo."

"Yote?"

"Sikumfungua mdomo."

Nikajipa moyo kwamba mtu wa Merikit asingeshika mkono wa mama mkwe. Wifi akanivunja moyo. "Vijana wa siku hizi wanashika chochote."

Hivyo ndivyo tulivyofika leo.

Sufuria nimeazima kwa muuza dagaa. Binti alikuja jana, amevaa gauni alilojishonea, rangi ya machungwa, na tangu alfajiri alikuwa anaimba ule wimbo wake wa kwaya. Kila aliposhika pambio, mimi nilikata kitunguu kisichohitajika.

Wageni waliingia saa sita, chini ya miamvuli. Mimi nilikuwa jikoni, ambako ndiko mahali pangu, na mpango wangu ulikuwa kulala chini na kuchungulia viatu vyao kupitia chini ya pazia la mlango. Nikalala. Wifi akanishikia gomesi isiguse jivu. Na nikaona nini? Mabuti. Jozi nne za mabuti ya mpira, meusi, yamejaa tope mpaka juu. Mvua ya Mungu ilikuwa imewavalisha wote sawa.

"Umeona nini?" wifi akauliza.

"Mabuti."

"Amka basi, umepaka jivu shavuni."

Chai ikatoka. Chai ni chai, haina maana. Sebuleni wazee wakaongea habari za barabara, habari za mihogo, wakaulizana ukoo. Chakula kilikuwa tayari. Wifi akasimama mlangoni na trei.

"Itoke au isitoke?"

"Ngoja."

"Ugali unapoa."

"Ngoja kidogo."

Binti akaja. Hakuwa anaimba tena. Alikuwa anasokota ncha ya mkanda wa gauni, anaisokota na kuisokotoa. Alijua, kila mtu wa kwetu anajua, chakula kikichelewa kuna jambo.

"Mama, kuna nini?"

"Chumvi," nikasema. "Naangalia chumvi."

Aliniangalia usoni mpaka nikaona haya. Nikachukua beseni, nikasema naenda kuchota maji kwenye pipa nyuma ya nyumba. Sikutaka maji. Nilitaka mahali pa kusimama bila mtu kuniuliza.

Nikakata kona ya nyumba, na kijana mmoja wa wale wageni akakata kona hiyo hiyo akitoka chooni.

Tulikuwa karibu kiasi cha kupeana chumvi. Uso wa duara. Sharubu ndogo. Masikio yamelala. Na meno yote, naweza kuapa, kwa sababu mdomo ulifunguka na nikayaona mpaka magego. Alitoa sauti kama mbuzi. Kisha akaruka, bila kutazama anaruka wapi, akaingia kwenye matuta yangu ya viazi vitamu yaliyolowa tangu jana. Buti la kushoto likazama na kubaki. Yeye hakubaki. Aliendelea na buti moja matuta matatu, akateleza, akaenda kwa magoti, akalala na kujifunika kichwa kwa majani ya viazi.

Mimi beseni nililitupa sijui wapi. Nilivuta leso usoni nikakimbia nisikoona, nikagonga ukuta wa nyumba yangu mwenyewe. Nikabaki hapo, paji la uso ukutani, nikitweta.

Kutoka kwenye majani ikaja sauti ndogo: "Nisamehe mama. Sikukuona."

"Na mimi sikukuona, mwanangu," nikauambia ukuta.

Nilirudi jikoni nikiwa nimeloa. "Itoke," nikasema.

Wifi akanitazama. "Umejuaje?"

"Amekimbia."

Akaenda dirishani. Alimwona mtu mzima ameketi katikati ya viazi, buti moja, anachungulia kama njia iko wazi. Alimtazama muda mrefu kwa mapenzi. "Huyu ni wetu," akasema, akabeba trei, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa anaimba.

Tulimpelekea maji ya kunawa kupitia kwa mume wangu, na suruali ya mume wangu, ambayo ilimfikia katikati ya mashavu ya miguu. Alikula akiwa ameivaa. Wazee wa Merikit hawakuuliza, na mimi nasikia alikula vizuri.

Walipoondoka nilimwambia binti yote, lori, magunzi, kifungo cha shati. Hakucheka mara moja.

"Ulidhani ni yeye?"

"Nilidhani inawezekana."

"Na kama usingekutana naye pale nyuma, chakula kingetoka?"

Nilitaka kusema ndiyo. "Sijui," nikasema. "Pengine ningekuwa bado naangalia chumvi."

Akausokotoa mkanda wa gauni. Akasema ilipasa nimwulize yeye, kwamba swali la mama si shtaka. Nafikiri ana haki. Nafikiri pia kwamba siku ile nisingeweza. Kisha akauliza magunzi yako wapi, anataka kumwonyesha mchumba wake. Nikamwonyesha jikoni: majivu. Kuni zote zilikuwa zimelowa tangu jana, na magunzi ndiyo yaliyokuwa makavu peke yake katika nyumba nzima. Ndiyo niliyowashia moto wa kupikia wageni. Hapo ndipo alipocheka, akakaa chini kabisa na gauni lake la machungwa.

Jioni tumekula yaliyobaki: ugali wa wimbi na muhogo, samaki wa kukaushwa kwa mchuzi wa karanga, na ukoko wa wali tulioukwangua kwenye sufuria ya muuza dagaa. Wifi alikuja na sahani yake. Mume wangu alimaliza sahani yake, halafu akauliza suruali yake itarudi lini.